Gobori na Nasaba Yake: Ubora na Kuaminika kwa Nakala za Bunduki za Kijeshi katika Masasi na Newala

Utangulizi

Katika maandishi ya wapenzi wa silaha za kale, suala la nakala huanzia na kuishia penye kufanana. Bunduki iliyotengenezwa jana kwa kuiga ile iliyobebwa na askari wa Uingereza katika miaka ya 1850 husifiwa iwapo urefu wa mtutu, umbo la kitako na utendaji wa mtambo wake vinawiana na vya asili. Kampuni ya Parker-Hale ya Birmingham, ilipotengeneza upya bunduki za aina ya Enfield ya mwaka 1853, ilijivunia kufuata vipimo vilivyotumika kukagulia zile za kwanza. Kampuni ya Davide Pedersoli ya Gardone Val Trompia nchini Italia, iliyoasisiwa mwaka 1957, nayo imejijengea jina kwa kuiga bunduki za gumegume na za fataki za majeshi ya Ulaya na Marekani. Mitutu ya mafundi hao hupelekwa kwanza katika nyumba ya kupimia, ikafyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kiasi cha kawaida, na ikisalimika hugongwa muhuri. Mnunuzi wake ni mlenga shabaha wa mashindano, au mtu anayeigiza vita vya zamani siku ya mapumziko. Bunduki ikikataa kulia, amepoteza alasiri moja.

Kusini-mashariki mwa Tanzania nakala ya bunduki ya kijeshi ina historia nyingine. Huko huitwa gobori. Ni bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, na kwa umbo na utendaji ni mjukuu wa silaha zilizobebwa na majeshi ya Ulaya kabla ya kati ya karne ya 19. Hakuna aliyeitengeneza kwa ajili ya kumbukumbu. Imetumika kulinda mihogo na mahindi dhidi ya nguruwe pori, kuwinda, kulinda misafara, na mara kadhaa kupigana vita. Ikikataa kulia, au ikipasuka, gharama yake ni shamba, jicho au mkono.

Makala hii inachunguza kuaminika kwa silaha za namna hiyo katika maeneo ya Masasi na Newala tangu kufika kwa wamisionari mwaka 1876 hadi kipindi cha sheria za sasa. Hoja inayojengwa ni kwamba ubora wa nakala hauwezi kupimwa kwa kufanana na asili peke yake. Bunduki huaminika kwa kadiri ya kile inachokitegemea: baruti, fataki au risasi, fundi wa kuitengeneza inapoharibika, na mamlaka inayoamua ni mtutu wa nani utakaopimwa na wa nani utakaoachwa. Katika eneo hili jambo hilo la mwisho ndilo lililopuuzwa zaidi na watafiti, na ndilo lililowagharimu watu zaidi.

Yafaa kutanguliza neno moja kuhusu jiografia. Newala iko juu kabisa ya Uwanda wa Makonde, penye genge linaloshuka kuelekea bonde la Mto Ruvuma. Masasi iko chini ya uwanda huo, upande wa magharibi, miongoni mwa majabali makubwa ya mawe. Maeneo haya mawili yaliunganishwa na njia za misafara iliyoshuka hadi bandari za Lindi na Mikindani, na kwa njia hizo hizo bunduki zilipanda bara.

Ushahidi wa msamiati

Kabla ya kufungua majalada ya wakoloni, mtafiti wa Kiswahili anayo hazina nyingine karibu naye. Lugha imehifadhi sehemu za bunduki ya zamani kwa undani ambao msemaji wa leo hauhitaji tena. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ina gumegume, yaani bunduki inayowashwa kwa cheche ya jiwe. Ina kifa, tundu dogo ambalo moto hupitia kuifikia baruti. Ina mdeki, ufito wa kushindilia. Pamoja na hayo yapo mtutu, kitako, mtambo, fataki na kiasi. Msamiati wa namna hii hauzaliwi kwa watu wanaoishika bunduki kama hirizi. Huzaliwa kwa watu wanaoifungua, wanaoisafisha, wanaojua ni wapi inaziba na kwa nini.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu maandishi mengi ya wasafiri wa karne ya 19 yanamwonyesha Mwafrika kama mtumiaji asiyejua kitu, anayefyatua huku amefumba macho. Giacomo Macola (2016), akiandika kuhusu Afrika ya Kati, ameonyesha kwamba jamii mbalimbali ziliipa bunduki maana na kazi zake zenyewe, na kwamba nyingine ziliikataa kwa sababu zinazoeleweka. Msamiati wa Kiswahili unaongeza ushahidi wa upande wa ufundi: bunduki ilieleweka kama chombo chenye viungo, na kila kiungo kilikuwa na jina kwa sababu kila kiungo kiliweza kuharibika.

Mitumba na bunduki za biashara

Bunduki zilizofika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 zilikuwa za namna mbili kuu. Ya kwanza ilikuwa mitumba halisi ya majeshi. Ushindi wa Prussia dhidi ya Austria mwaka 1866, uliopatikana kwa sehemu kutokana na bunduki ya kujaza kwa nyuma, uliyashawishi majeshi ya Ulaya kuharakisha kuachana na bunduki za kushindilia. Maghala yakajaa silaha zisizotakiwa tena, na wafanyabiashara wakazinunua kwa bei ya chuma. Namna ya pili ilikuwa bunduki za biashara, zilizotengenezwa hasa Birmingham na Liège kwa kuiga umbo la bunduki za kijeshi. Nyingi kati ya hizo zilipigwa hata chapa ya Tower, iliyokuwa alama ya silaha za serikali ya Uingereza. Kwa maneno mengine, nakala zilitangulia kuingia Afrika karne nzima kabla wapenzi wa kumbukumbu hawajazigeuza kuwa burudani.

Je, bunduki hizo za biashara zilikuwa mbovu? Sifa yao mbaya ni ya zamani. Katika miaka ya 1760 Lord Shelburne, baada ya kuizuru Birmingham, aliandika kwamba zaidi ya nusu ya bunduki zilizopelekwa Afrika zingepasuka mikononi mwa watu wa kwanza kuzifyatua. Kauli hiyo imerudiwa mno, na kwa maoni yangu imerudiwa kwa wepesi. Mfanyabiashara aliyeuza bidhaa ya kuua nusu ya wateja wake hangeendelea kuuza kwa vizazi kadhaa katika pwani zile zile, kwa wanunuzi waliojulikana kwa ukali wa kukagua bidhaa. Isitoshe, tangu mwaka 1813 Birmingham ilikuwa na nyumba yake ya kupimia mitutu iliyowekwa kwa sheria ya Bunge. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba bunduki ya biashara ilitengenezwa kulingana na baruti ya biashara, iliyokuwa hafifu. Mtutu mwembamba ulivumilia baruti dhaifu. Hatari ilizuka pale kimoja kilipobadilika bila kingine, yaani baruti kali ilipotiwa katika mtutu ule ule, au mtutu ulipoliwa na kutu kwa miaka mingi huku kipimo cha baruti kikibaki kile kile.

Ukubwa wa biashara hiyo unajulikana kwa makadirio. Beachey (1962) amenukuu taarifa ya balozi mdogo wa Uingereza mjini Zanzibar, Euan-Smith, ya mwaka 1888, aliyekadiria kwamba bunduki za kila aina kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia kila mwaka katika sehemu hii ya Afrika, nyingi zikipitia Zanzibar. Idadi hiyo ilitolewa na mtu aliyetaka biashara ifungwe, kwa hiyo isomwe kwa tahadhari. Hata ikikatwa nusu, bado inaeleza kwa nini kufikia miaka ya 1880 bunduki haikuwa kitu cha ajabu katika njia za kwenda Ruvuma.

Hata hivyo wingi haukuwa uwezo. Kituo cha Masasi kilichoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani kilivamiwa Septemba 1882 na Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara. Silaha kuu ya wavamizi hao ilikuwa mkuki. Baada ya msiba huo sehemu ya shughuli za misheni ilihamia Newala, chini ya himaya ya Matola. Tukio hilo ni onyo kwa wanahistoria wanaoihesabu bunduki kama nguvu inayojitosheleza. Bunduki ya kushindilia humpa mpigaji mlio mmoja, kisha humwacha akihangaika na mdeki wakati adui anakimbia kumjia. Ilifaa zaidi kwa mtu aliyejificha, aliye juu ya mwinuko au ndani ya kichaka, mwenye nafasi ya kurudi nyuma. Machemba, mtawala wa Wayao aliyewakaidi Wajerumani kwa takriban muongo mzima hadi alipovuka Ruvuma mwaka 1899 kuingia Msumbiji, aliipata nafasi hiyo katika vichaka vizito vya uwanda. Silaha yake ilisaidiwa na ardhi.

Sheria iliyochagua bunduki mbaya

Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu kuhusu silaha, vilivyohusu eneo lote lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta. Bunduki zenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu na silaha nyingine bora zilizuiwa. Zilizoruhusiwa kutolewa maghalani kwa ajili ya kuuzwa, tena kwa masharti, zilikuwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Silaha za watu walioruhusiwa kumiliki zile bora zilipaswa kuandikishwa na kugongwa alama.

Wanahistoria wamekisoma kifungu hiki kama sehemu ya vita dhidi ya utumwa, au kama hila ya wakoloni kuwanyima Waafrika silaha. Vyote viwili vina ukweli. Lakini kifungu hicho kina maana ya tatu ambayo haijajadiliwa vya kutosha: kilikuwa uamuzi wa kisheria kuhusu kiwango cha ubora. Majaribio yaliyofanywa Woolwich, Uingereza, mwaka 1834 yalilinganisha mtambo wa gumegume na ule wa fataki kwa milio 6,000 kila mmoja. Mtambo wa fataki ulikataa mara 36. Wa gumegume ulikataa mara 922, yaani takriban mara moja katika kila sita au saba. Waliokaa mezani Brussels miaka 56 baadaye walikuwa na ujuzi huo katika maghala yao wenyewe, kwa kuwa majeshi yao yalikwisha kuiacha gumegume kwa sababu hiyo hiyo. Bunduki waliyomruhusu Mwafrika kuinunua ni ile waliyokwisha kuithibitisha kuwa haiaminiki.

Serikali ya Kijerumani iliendelea na mgawanyo huo. Bunduki ya kushindilia ilivumiliwa kwa kibali. Bunduki ya kujaza kwa nyuma ilikuwa ya askari na Mzungu. Vita vya Maji Maji vilipofika eneo hili Agosti 1905, na misheni za Lukuledi, Nyangao na Masasi zikashambuliwa, wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobori. Imani kwamba risasi zingegeuka maji imeandikwa na kila mtu. Ni wachache waliouliza swali la kawaida zaidi, kwamba watu hao walikuwa na uzoefu gani wa risasi. Wengi wao walizijua bunduki ambazo kweli hukataa kulia, ambazo baruti yake ikipata unyevu hufuka moshi tu, na ambazo risasi yake hupotea njia kabla ya hatua mia moja. Sisemi kwamba uzoefu huo ndio uliozaa imani ya maji, kwa kuwa chimbuko lake ni la kidini na la kisiasa, kama Becker (2004) na wengine walivyoonyesha kwa namna zao. Ninasema kwamba katika nchi ambamo sheria iliruhusu bunduki zisizoaminika tu, kutoiamini bunduki hakukuwa ujinga. Kilichowaua ni bunduki ya aina nyingine, iliyokuwa mikononi mwa upande mmoja peke yake, pamoja na bombomu.

Baada ya vita, kusalimisha silaha kulikuwa miongoni mwa masharti ya amani. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alikaa Masasi na Newala akikusanya vitu vya kitamaduni, kupiga picha na kunasa sauti za nyimbo. Makusanyo ya aina hiyo kwa kawaida yalithamini vinyago, vyungu na ngoma. Bunduki iliyokarabatiwa na fundi wa kijijini haikuhesabiwa kuwa utamaduni wa Mwafrika wala kazi ya Mzungu, na kwa hiyo haikuwa na kabati la kuwekwa. Pengo hilo katika majumba ya makumbusho bado linatusumbua.

Ngomano, 1917: nakala iliyorudi kwa mwenyewe

Vita Kuu ya Kwanza vinatupa jaribio la wazi zaidi la hoja yetu, na la ajabu zaidi.

Vita vilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wa Kijerumani yalikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja na baruti ya moshi. Ilikuwa bunduki imara, sahihi, yenye risasi nzito ya milimita 11. Kasoro yake haikuwa katika chuma. Kila ilipolia, wingu jeupe lilipanda juu ya kichaka na kumwonyesha adui mahali pa kulenga. Lettow-Vorbeck mwenyewe ameandika kuhusu hasara hiyo. Meli ya Marie, iliyopenya kizuizi cha Waingereza na kutia nanga katika ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, Machi 1916, ilileta silaha na risasi mpya ambazo wapagazi walizibeba kwa mabega yao kwenda bara.

Mwaka huo huo Wareno walivuka Ruvuma, wakaingia Newala mwishoni mwa Oktoba, kisha wakazingirwa na kulazimika kuondoka mwishoni mwa Novemba, wakiacha nyuma silaha na vifaa vingi. Mwaka uliofuata, Oktoba 1917, mapigano ya Mahiwa yaliimaliza karibu akiba yote ya Wajerumani ya risasi zisizo na moshi. Kikosi kikarudi nyuma kupitia Uwanda wa Makonde, kikiwaacha wagonjwa na majeruhi Nambindinga, kikapita Kitangari na Newala, kisha kikashuka Ruvuma. Bunduki nzuri zilikuwepo. Chakula cha bunduki hakikuwepo. Kapteni Tafel, aliyekuja kutoka magharibi akitafuta kuungana na mkuu wake, alimkosa kwa siku chache na kusalimu amri katika eneo hilo mwishoni mwa Novemba.

Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck aliishambulia ngome ya Wareno ya Ngomano, kando ya Ruvuma, na kuiteka pamoja na takriban risasi 250,000. Karibu nusu ya kikosi chake kilipewa bunduki za Kireno, na bunduki nyingi za Kijerumani zikaharibiwa kwa kuwa hazikuwa na risasi. Bunduki hiyo ya Kireno, Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, ilikuwa Mauser iliyorekebishwa na ofisa Mreno, José Alberto Vergueiro, aliyeibadilisha sehemu ya mtambo wake na kuifanya itumie risasi ya milimita 6.5. Nayo ilitengenezwa Berlin, katika kiwanda cha DWM. Askari aliyetoka Masasi akiwa na Mauser yenye jina tukufu isiyo na risasi, aliitupa na kuchukua toleo la pili la bunduki hiyo hiyo, lililotoka nchi ile ile, likapitia Lisbon na Msumbiji hadi ukingo wa Ruvuma.

Mwenye kupima ubora kwa uhalisi angesema kwamba askari yule alibadilisha asili kwa nakala. Yeye mwenyewe alibadilisha rungu kwa bunduki.

Hesabu hiyo ilijirudia katika ukingo ule ule wa mto nusu karne baadaye. Wapiganaji wa FRELIMO, ambao baadaye walikuwa na kambi ya mafunzo Nachingwea, jirani na Masasi, walianza vita Septemba 1964, na miongoni mwa silaha zilizopita mikononi mwa vyama vya ukombozi zilikuwamo bunduki za Kichina za Aina ya 56, zilizotokana na miundo ya Kisovieti ya SKS na AK. Hizo nazo ni nakala, ila zilitengenezwa viwandani kwa ridhaa ya mwenye muundo, nazo zilitumia risasi moja na za asili. Mpiganaji hakuulizwa kama bunduki yake ni ya Urusi au ya China. Aliulizwa ana risasi ngapi. Tanzania ilipoanzisha Shirika la Mzinga huko Morogoro katika miaka ya 1970, miongoni mwa kazi zake ilikuwa kutengeneza risasi, na sababu yake haihitaji maelezo marefu kwa aliyesoma habari za Nambindinga.

Fundi asiye na nyumba ya kupimia

Katika kipindi cha Waingereza gobori liliendelea kuwa bunduki ambayo mwananchi wa kawaida angeweza kupewa leseni yake. Mitumba ya karne ya 19 ilipochakaa, viungo vilibadilishwa kimoja baada ya kingine: leo kitako, kesho mtambo, mwishowe mtutu wenyewe. Kitako hakikuwa tatizo katika nchi ya wachongaji. Mtambo ulihitaji subira ya mhunzi. Mtutu ulikuwa jambo jingine, kwa sababu mahali pa chuma kilichofuliwa kwa ajili ya kustahimili moto wa baruti pakaingia bomba lililotengenezwa kupitisha maji. Mahali fulani katika mfululizo huo, bila tarehe inayoweza kutajwa, bunduki ya Birmingham iliyokarabatiwa iligeuka kuwa gobori la nyumbani. Umbo lilibaki. Nasaba ilibaki. Kilichopotea ni ule uwiano wa zamani kati ya baruti hafifu na mtutu uliopimwa kwa ajili yake.

Hapa ndipo tofauti kati ya nakala ya Gardone na gobori inapaswa kutajwa kwa usahihi. Si tofauti ya akili wala ya mikono ya fundi. Hata katika soko la kimataifa zipo nakala zitengenezwazo India ambazo huuzwa Marekani na Kanada bila kutobolewa kifa, ili zihesabiwe kuwa mapambo. Mwenye kuzitoboa baadaye hufyatua mtutu ambao huenda haukupimwa na mtu. Fundi wa India na fundi wa Newala wanatenganishwa na fundi wa Italia na kitu kimoja: nyumba ya kupimia, yenye sheria nyuma yake. Fundi wa gobori akitaka kuujaribu mtutu wake hana pa kuupeleka. Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iliyoifuata, zinamkataza kutengeneza bila leseni, na hilo lina sababu nzito: magobori yamewaua tembo, na yameingia katika ujambazi. Lakini kwa kuwa kazi yake ni kosa, hujaribia pale pale anapotumia, na mtu wa kwanza kujua kwamba mtutu ni mbovu ni yule aliyeuweka shavuni.

Mtu anaweza kujibu kwamba mkulima hana haja ya bunduki, aite askari wa wanyamapori. Jibu hilo lina umri mrefu kusini. C. J. P. Ionides, ofisa wa wanyamapori aliyekuja kuishi Newala akikamata nyoka, na ambaye bado anatajwa zaidi kwa nyoka kuliko kwa kazi hiyo nyingine, alitumia miaka mingi ya utumishi wake kulinda mashamba dhidi ya tembo kwa kundi dogo la askari katika eneo kubwa. Umbali haujapungua tangu wakati huo, na nguruwe pori hasubiri.

Serikali imekuwa ikitangaza mara kwa mara vipindi vya msamaha ambapo wenye silaha haramu huzisalimisha bila kushtakiwa, na miongoni mwa zinazorudishwa magobori hayakosekani. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania imeisaini, inataka silaha ziwekewe alama ili zifuatiliwe, na zile haramu ziteketezwe. Kwa silaha za kiwandani utaratibu huo unajitosheleza, kwa kuwa namba ya bunduki hubaki katika daftari hata chuma kikiyeyushwa. Gobori halina namba. Likichomwa, kinachopotea ni kumbukumbu pekee ya ufundi uliodumu kwa zaidi ya karne moja, pamoja na ushahidi pekee wa kitakwimu unaoweza kupatikana kuhusu usalama wake: unene wa mtutu, aina ya chuma, mahali ulipopasuka au kuzibwa, viungo vipi ni vya Liège na vipi vya mhunzi wa kijijini.

Kwa sababu hiyo makala hii inapendekeza hatua ndogo isiyohitaji sheria mpya. Kabla ya kuteketeza, Jeshi la Polisi liruhusu watafiti wa Makumbusho ya Taifa na vyuo vikuu kupima, kupiga picha na kuandikisha kila gobori lililosalimishwa katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kwa wilaya lilikotoka na bila jina la aliyelileta, na kuhifadhi machache yaliyozibwa kabisa. Majeraha ya mikono na macho yanayofika katika hospitali za mikoa hiyo kutokana na mitutu iliyopasuka yaandikwe kwa sababu yake halisi, badala ya kufichwa chini ya neno ajali. Kwa daftari hizo mbili mtafiti atakayefuata ataweza kusema ni mitutu mingapi ilipasuka, ya chuma kipi, na baada ya umri gani.